Kiuno cha Mama na Daftari la Fundi

Haya ni mazungumzo ya wiki hii kama yalivyosomwa redioni baada ya taarifa ya habari. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.



Fundi wangu wa nguo ni mzee mmoja mwenye cherehani yake barazani, hatua chache kutoka kituo cha daladala. Huu ni mwaka wa 12 nashona kwake. Kila mteja wake ana ukurasa katika daftari kubwa lililofunikwa kwa gazeti, na vipimo vyote ameviandika humo kwa kalamu ya risasi pamoja na tarehe. Mwezi uliopita nilimpelekea kitenge cha sare ya harusi. Akachukua futi kamba, akanipima, akatazama daftari, akanipima tena. Kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, nikushonee kwa vipimo vya zamani au kwa hivi vya leo?"

Nilicheka, nikamwomba nione mwenyewe. Miaka sita iliyopita kiuno changu kilikuwa inchi 32. Sasa ni inchi 35. Nyonga hazikubadilika hata nusu inchi. Kesho yake nikapanda mizani ya zahanati, nikakuta nimeongezeka kilo 4 tu katika miaka hiyo sita. Chakula changu ni kilekile, au ndivyo nilivyokuwa nikijiambia. Nina umri wa miaka 47. Basi nikajiuliza swali ambalo najua akina mama wengi wa rika langu wanajiuliza kimya kimya: kuna nini kinachotokea humu mwilini?

Jambo hili ningeweza kulimaliza palepale kwa fundi, kwa kicheko. Nimeamua kulileta hapa kwa sababu ya mwenzangu mmoja wa kazini.

Mama huyu ana miaka 52. Kwa miaka mitatu hivi tumbo lake limekuwa likiongezeka, na kwa miaka hiyo mitatu amesikia kila aina ya neno. Vijana wa ofisini walimbandika jina la "bonge". Wifi yake alimwambia kuwa amejiachia. Mumewe hakusema kitu, ila siku moja alichukua picha yao ya harusi, akaitazama, akamtazama mkewe, akacheka. Kicheko kile, aliniambia, ndicho kilichompeleka kununua kopo la unga wa kupunguza tumbo kutoka kwa mtu anayepita akiuza maofisini. Kwenye kopo paliandikwa kuwa ni mitishamba mitupu. Akaanza kunywa. Hamu ya chakula ikamwisha, usingizi ukawa wa saa mbili tatu kwa usiku, sketi ikaanza kulegea, naye akafurahi. Usiku wa siku ya kumi na moja moyo wake ulianza kwenda mbio kama wa mtu anayefukuzwa. Binti yake akamkimbiza hospitali. Presha ilikuwa 200 juu, 120 chini. Walipompima damu wakakuta na kisukari pia, ambacho bila shaka kilikuwapo kabla ya hilo kopo.

Yu hai, namshukuru Mungu, na amenipa ruhusa ya kulieleza hili bila kumtaja jina. Lakini ilibaki kidogo tumpoteze, na kilichompeleka huko kilikuwa maneno ya watu. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya mambo mawili: ukweli wa mwili wa mwanamke anapofika umri wa makamo, na maneno yetu juu ya mwili huo.

Tuanze na homoni, maana neno hili siku hizi liko midomoni mwa kila mtu. Mtu akinenepa, ni homoni. Akikasirika, ni homoni. Homoni ni kemikali zinazotengenezwa na tezi za mwili, zikasafiri katika damu kupeleka maagizo, kama tarishi anavyotoa barua ofisi moja na kuipeleka ofisi nyingine. Insulini, inayoendesha matumizi ya sukari, ni homoni. Estrojeni na projesteroni, zinazotoka hasa katika ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi, ni homoni.

Mwanamke anapokaribia au kupita miaka 40, ovari zake huanza kuchoka. Wengi hudhani kuwa estrojeni hushuka taratibu kama mtu anayeteremka ngazi. Sivyo. Kwa miaka kadhaa hupanda na kushuka ovyo, kama umeme wakati wa mgao: leo upo mwingi, kesho haupo, keshokutwa umerudi kwa kishindo. Ndiyo maana siku za mama huanza kuvurugika, mara zinakuja mapema, mara zinachelewa, mara damu nyingi, mara kidogo. Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma pale miezi 12 inapopita mfululizo bila kuiona. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba wanawake wengi hufikia hapo kati ya miaka 45 na 55. Anayekoma kabla ya miaka 40 amewahi mno, naye inafaa amwone daktari.

Sasa, je, homoni hizi ndizo zinazotunenepesha? Jibu ni ndiyo na hapana, na hapa naomba usikilize kwa makini, kwa sababu wauza makopo wanapenda sana nusu ya jibu hili.

Mwaka 1996 watafiti nchini Marekani walianza kazi ya kuwafuatilia wanawake 3,302 waliokuwa na umri wa kati ya miaka 42 na 52. Walikuwapo weupe, weusi, wenye asili ya China na Japani, na wenye asili ya nchi zinazosema Kihispania. Waliwapima mwaka hadi mwaka wakiwa bado wanaingia mwezini, wakati siku zilipovurugika, na baada ya kukoma kabisa. Katika miaka mitatu ya mwanzo, wanawake hao waliongezeka kwa wastani wa zaidi kidogo ya kilo 2, na viuno vikaongezeka kwa zaidi ya sentimita 2. Lakini ongezeko hilo la uzito liliendelea kwa mwendo uleule, awe mwanamke amekoma hedhi au hajakoma. Maana yake ni kwamba uzito wenyewe unakwenda zaidi na umri na maisha yetu kuliko na kukoma kwa hedhi.

Hata hivyo, mwaka 2019 watafiti wa kundi hilo hilo walitoa jambo la pili. Walipotenganisha mafuta na nyama ya mwili kwa vipimo maalumu, waliona kwamba kama miaka miwili kabla ya hedhi ya mwisho, kasi ya kuongezeka kwa mafuta iliruka, ikawa maradufu. Wakati huohuo misuli ikaanza kupungua. Hali hiyo iliendelea hadi kama miaka miwili baada ya hedhi ya mwisho, kisha ikatulia. Mizani haikuyaona hayo, kwa sababu mizani inajumlisha nyama na mafuta bila kuuliza kipi ni kipi. Mafuta yanaingia, misuli inatoka, na sindano ya mizani inatikisika kidogo tu.

Pia mahali pa kuwekwa mafuta pamebadilika. Estrojeni ilipokuwa nyingi iliyaelekeza mafuta kwenye nyonga na mapaja, ndiyo maana msichana na mama kijana hujaa huko. Estrojeni ikipungua, mafuta huelekea tumboni, tena ndani kabisa, yakizunguka ini na utumbo. Ndugu msikilizaji, daftari la mzee wangu lilikuwa limeyaandika yote hayo: nyonga zilezile, kilo chache, inchi tatu za kiuno.

Kuna imani nyingine ambayo sote tumeirithi, kwamba mtu akifika miaka 40 mwili wake unaacha kuunguza chakula. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia kichanga wa siku 8 hadi mzee wa miaka 95. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili wa kila mmoja, walikuta kwamba kati ya miaka 20 na 60 mwili huunguza nguvu kwa kiwango kilekile, wanaume kwa wanawake. Kupungua huanza karibu na miaka 60. Kwa hiyo mama wa miaka 47 kama mimi hana haki ya kusema kuwa tanuri limezimika. Tanuri linawaka. Labda kuni ndizo zimezidi kidogo.

Na neno "kidogo" ni la kweli kabisa. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nguvu ya kalori kama 7,700. Mtu anayeongezeka kilo 0.7 kwa mwaka, kwa hesabu ya juu juu, anazidisha kalori kama 15 tu kwa siku. Hicho ni kijiko kimoja cha chai cha sukari! Mwili si duka la kupiga hesabu namna hiyo kila siku, lakini hesabu yenyewe inatufundisha jambo. Mama huyu hajawa mlafi wala hajajiachia. Tofauti kati yake na yule wa miaka sita iliyopita inaweza kuwa kijiko cha sukari, au ngazi alizoacha kupanda tangu alipopandishwa cheo na kupewa meza ya chini.

Ongeza na usingizi. Vipindi vya joto la ghafla, lile joto linalopanda kifuani hadi usoni na kuacha shuka limelowa jasho, si mambo ya wiki mbili. Katika kundi lile la Marekani, wanawake waliopatwa na hali hiyo mara kwa mara walikaa nayo kwa zaidi ya miaka 7 kwa makadirio ya kati, na Wamarekani weusi kwa zaidi ya miaka 10. Mtu asiyelala huamka amechoka, na aliyechoka hutafuta nguvu ya haraka: andazi, soda, chai ya vijiko vitatu. Wala hana hamu ya kutembea.

Kwa nini tujali? Je, ni kwa ajili ya kupendeza katika sare ya harusi? Hapana. Mafuta ya ndani ya tumbo si mzigo uliolala tu. Huvuruga kazi ya insulini, na hapo njia ya kisukari hufunguka. Hufuatana na shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Shirika la Afya Duniani limeweka alama mbili kwa kiuno cha mwanamke: kikipita sentimita 80, yaani kama inchi 31 na nusu, hatari imeanza kupanda, kikipita sentimita 88, ambazo ni karibu inchi 35, hatari imepanda sana. Mimi niko mpakani pa alama ya pili. Nakiri hivyo hadharani ili usidhani nahubiri nikiwa juu ya mlima.

Lipo na jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Ovari zikiacha kazi, mwili hauachi kabisa kutengeneza estrojeni. Mafuta yenyewe huchukua homoni nyingine na kuzigeuza kuwa aina moja ya estrojeni. Mafuta yakiwa mengi, na estrojeni hiyo huwa nyingi, bila projesteroni ya kuizuia. Ndiyo sababu moja ya unene baada ya kukoma hedhi kuongeza uwezekano wa kupata kansa ya matiti na kansa ya ukuta wa mji wa mimba. Basi sikilizeni, akina mama wenzangu: mwanamke ambaye hedhi yake imekoma kwa mwaka mzima au zaidi, akiona damu, hata tone, asifurahi kwamba ujana umerudi, wala asione haya. Aende hospitali wiki hiyo hiyo. Mara nyingi huwa ni jambo dogo, lakini inapokuwa kansa, ikiwahiwa inatibika. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo kitamuumbua.

Pia si kila unene ni wa umri. Tezi ya thairoidi iliyoko shingoni ikipunguza kazi, jambo linalowapata zaidi wanawake na huongezeka na umri, mtu hunenepa kiasi, husikia baridi wengine wakipata joto, hufunga choo, ngozi hukauka na uchovu haumtoki. Kipimo kimoja cha damu kinatosha kuanza kulijua hilo, na dawa yake ni kidonge. Baadhi ya akina mama wanaotumia sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu huongezeka uzito. Dawa kama predinisoloni, zikitumiwa muda mrefu, hunenepesha pia. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa kusikia redio. Mwulize aliyekuandikia.

Sasa turudi kwenye kopo. Kopo la mwenzangu halikupimwa maabara, kwa hiyo sitasema ndani yake mlikuwa na nini. Ninachoweza kusema ni kwamba katika nchi nyingine makopo ya namna hiyo yamepimwa, na mengi yaliyoandikwa "mitishamba" yamekutwa yamechanganywa na dawa iitwayo sibutramini. Dawa hiyo ilikuwa ikiuzwa madukani kwa ajili ya kupunguza hamu ya kula, ikaondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana kwamba huongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa watu wenye maradhi ya moyo. Hupandisha presha na kuufanya moyo uende mbio. Mtu anayeandika kwenye kopo kuwa ni majani, kumbe ametia dawa, huyo si mganga wala mfanyabiashara. Na kwa bahati mbaya wateja wake wakubwa ni akina mama wa umri wetu, ambao tayari wengi wana presha wasiyoijua.

Siku hizi zimekuja sindano mpya za kupunguza uzito, ambazo jina lake maarufu ni Ozempic. Hizo ni dawa kweli, zina utafiti nyuma yake, lakini ni za kuandikiwa na daktari na kufuatiliwa, na mtu akiziacha uzito hurudi kwa kiasi kikubwa. Mwezi Juni mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya sindano bandia za aina hiyo. Basi anayekuuzia kupitia simu, akikuletea kwa bodaboda ndani ya mfuko wa plastiki, mwambie arudi nayo.

Na je, mtu hawezi kurudishiwa homoni zilizopungua? Anaweza, na matibabu hayo yapo. Mwaka 2002 nchini Marekani utafiti wa wanawake zaidi ya 16,000 ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa waliopewa estrojeni pamoja na projestini walionekana kupata zaidi kansa ya matiti, kiharusi na damu kuganda. Dunia nzima iliogopa. Baadaye uchambuzi ulionyesha kwamba wengi wa wanawake hao walikuwa wamepita miaka 60, na kwamba kwa walio chini ya umri huo, au ambao hawajapitisha miaka 10 tangu hedhi kukoma, wanaoteswa na joto na kukosa usingizi, faida inaweza kuzidi hatari, iwapo daktari ameona hakuna kizuizi. Lakini matibabu hayo ni ya kutuliza mateso hayo. Si dawa ya kupunguza uzito, na anayeiuza kwa jina hilo anakudanganya.

Nakuja kwenye maneno yetu. Sisi watu wa Afrika Mashariki tuna ndimi mbili juu ya mwili wa mwanamke. Bibi zetu walisifiwa wakinenepa. Mke akinawiri, mumewe alionekana anatunza. Kisha ulikuja ukimwi. Uganda miaka ya 1980 ugonjwa huo uliitwa "slim", yaani kukonda, na mpaka leo mama akipungua kilo tano kwa kutembea, majirani huuliza kwa sauti ya chini kama anaumwa. Kwa hiyo akinenepa amejiachia, akikonda ana ugonjwa. Tunataka akae wapi?

Vijana mnaocheka ofisini, na nyinyi waume wenzetu wa ndani, nawaomba jambo moja. Kabla hujacheka, tazama kwanza mkanda wako umeshuka tundu la ngapi tangu harusi. Kisha kumbuka kwamba mkeo anapita katika mabadiliko ambayo hakuyaomba, halali usiku, na bado anaamka saa kumi na moja kuwapikia watoto chai. Neno zuri kwake ni "twende tukatembee", nawe uvae viatu.

Nina neno pia kwa wenye dhamana ya afya. Takwimu za serikali za mwaka 2015 na 2016 zilionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania walikuwa na uzito uliozidi. Kwa jirani zetu Kenya ilikuwa asilimia 33 mwaka 2014, ikawa asilimia 45 mwaka 2022. Lakini takwimu hizo ni za wanawake wa miaka 15 hadi 49, yaani wa umri wa kuzaa. Akitimiza 50, mama ametoka kwenye hesabu. Na ndivyo ilivyo kwenye zahanati. Alipokuwa mjamzito alikuwa na kadi, siku ya kliniki, mizani, kipimo cha presha na muuguzi wa kumgombeza akichelewa. Akimaliza kuzaa, hana kadi wala siku. Hurudi akiwa amebebwa. Je, ni gharama gani kubwa kila zahanati kuwa na siku moja ya wiki kwa mama aliyepita miaka 40, kwa ajili ya presha, sukari na futi kamba ya kiuno? Futi kamba ya fundi wangu haifiki bei ya soda mbili.

Tusisubiri hayo, lakini. Tufanye nini sisi wenyewe?

Kwanza, tulinde misuli. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 za mwendo wa kutoa jasho kidogo kwa wiki, na juu yake mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku mbili. Hizo dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Shuka daladala vituo viwili kabla, mkiwa wawili au watatu kwa usalama. Misuli hutiwa nguvu hata nyumbani: kukaa na kuinuka kitini mara kumi na tano bila kushika, kusukuma ukuta, kubeba ndoo ya maji kwa kila mkono badala ya kumwita kijana.

Pili, tutazame sahani. Mazoezi hujenga misuli, husaidia sukari na moyo, lakini peke yake hayafuti chakula. Punguza sukari ya chai kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea. Soda iwe ya sherehe. Mlima wa ugali ushuke, maharage, dagaa na mayai yapande, maana misuli haijengwi kwa wanga. Mboga zijae nusu ya sahani. Na kile chakula cha saa nne za usiku, kwa sababu ya foleni ya barabarani, kipunguzwe, kile cha mchana ndicho kiwe kikubwa.

Tatu, jipime kiuno kila baada ya miezi mitatu, na presha na sukari angalau mara moja kwa mwaka, hata kama husikii chochote. Mwenzangu naye hakuwa akisikia chochote.

Namalizia kwa habari ya hapa hapa nchini. Katika miaka ya 1980 watafiti watatu, Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, walikaa na Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi, wakihesabu saa ambazo kila mtu hutumia kutafuta chakula. Waliona kwamba wanawake waliokwisha kukoma hedhi ndio waliokuwa wakikaa porini saa nyingi zaidi, wakichimba mizizi katika ardhi ngumu, na chakula chao kiliwalisha wajukuu mama zao walipokuwa na vichanga. Kutokana na kazi hiyo walileta hoja, iliyochapishwa mwaka 1998, kwamba huenda binadamu tunaishi miaka mingi baada ya uzazi kwa sababu ya hao bibi. Yaani mwanamke aliyekoma hedhi hakuwa mzigo kwa ukoo. Ukoo ulisimama juu ya mgongo wake.

Kuvunjika koleo si mwisho wa uhunzi. Tofauti yetu na bibi yule wa Eyasi ni kwamba yeye anatembea na anachimba, sisi tumekaa kwenye foleni tukila karanga za dirishani. Mwili ni uleule.

Mwenzangu sasa anatumia dawa za presha na za sukari, na kila Jumanne na Alhamisi tunashuka pamoja vituo viwili kabla. Mumewe alianza kuja wiki iliyopita. Anachoka kabla yetu.

Ama kitenge changu, nilimwambia fundi akishone kwa vipimo vya leo, ila aache ushono mpana kwa ndani, tuone daftari litasema nini mwakani. Akaandika tarehe.

Kwa leo naishia hapo. Nakutakia usiku mwema.